Shajara ya mradi: kusafisha malisho ya farasi, wiki 16 za kung'oa sumu

Kabla ya kuanza

Naanza kuandika leo manake nimeona kila nikifanya kitu shambani baada ya wiki mbili nishasahau nilianzia wapi, na hii kazi siyo ya kufanya kwa kukumbuka kumbuka.

Mwaka jana nilimpoteza farasi wangu Shaba. Hakufa kwa chango wala hakuvunjika mguu, alikonda tu polepole huku anakula vizuri kabisa, afu akaanza kupiga miayo, miayo mingi mchana kutwa, mi nikadhani ni uchovu. Baadaye fizi zikageuka manjano, ile ngozi nyeupe ya puani ikababuka, na siku za mwisho alikuwa anatembea moja kwa moja mpaka agonge ukuta, akishagonga anasimama pale pale kaegemeza paji la uso kama anausukuma. Daktari alipochukua damu kile kipimo cha ini kinachoitwa GGT kilikuwa juu mno. Hakuniuliza jana kala nini. Aliniuliza miezi mitatu minne nyuma alikuwa anakula nini.

Miezi minne nyuma ilikuwa kiangazi na tulikuwa tunalisha nyasi kavu za kununua. Kulikuwa na robota moja limebaki nyuma ya stoo. Kijana anayenisaidia akalivuta, akalitikisa kidogo, akasema, "Dada, hii inalia." Tukanyamaza tukasikiliza. Ndani ya nyasi kulikuwa na kitu kinalia chaka-chaka, taratibu, kama kayamba dogo. Tulipokata kamba tukakuta mashina ya marejea, lile gugu la maua ya manjano, yana viganda vyake vikavu, mbegu zimeachia ndani ya ganda ndo zinazolia.

Marejea ana jamii kubwa, aina mamia, na siyo zote zina sumu sawa, zingine watu wanazipanda kurutubisha udongo. Lakini nyingi zina sumu ya kundi la pirolizidini, na mi siwezi kusimama shambani nikasema kwa macho hii salama hii siyo, kwa hiyo kwenye malisho ya farasi zote nazihesabu adui. Hii sumu kazi yake ni ya kimya. Ini lenyewe likijaribu kuisafisha ndo linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinanasa kwenye seli za ini na kuzizuia kugawanyika, zinavimba, zinakufa, na mahali pake panabaki kovu. Leo kidogo kesho kidogo, inajumlishwa. Dalili ukiziona ini limeshakwisha sehemu kubwa na dawa ya kulirudisha hakuna. Kaskazini magharibi mwa Australia, sehemu za Kimberley, farasi walipatwa na hali hii hii ya kutembea bila kujua wanakokwenda mpaka ugonjwa ukapewa jina la eneo, na chanzo kilikuwa jamii hii hii ya marejea.

Basi huo ndo mwanzo wa mradi.

Wiki ya 1: kutembea tu

Wiki nzima hatujang'oa kitu na kijana wangu hakufurahi, alikuja na jembe begani tayari. Nilimwambia kwanza tujue tunacho nini. Malisho ni vipande vitatu, jumla karibu hekta tatu, na farasi nimebaki nao watatu: Kipanga ambaye hachagui chakula, Nuru jike mwenye mstari mweupe usoni na pua ya pinki, na mzee Radi ana miaka 24 na meno yamechoka.

Tulivuta kamba kutoka fensi hadi fensi, tunatembea nayo polepole mmoja huku mmoja kule, tukimaliza tunaisogeza hatua kumi. Kila mmea tusioutaka tunachomeka kijiti chenye kitambaa: chekundu kwa kinachoua haraka, cha manjano kwa kinachoua polepole, cheupe kwa tusichokijua. Na vyeupe vilikuwa vingi, hilo nalisema wazi manake mtu unakaa na shamba miaka unadhani unalijua. Kwa kila kitambaa cheupe nilipiga picha ya jani juu na chini, ua, ganda la mbegu, na shina likikatwa kuona kama linatoa utomvu, afu nikabana tawi moja ndani ya gazeti nikampelekea mtaalamu wa mimea. Picha ya mbali ya kichaka kizima haimsaidii, yeye anataka jani limetokaje kwenye shina.

Hadi Jumamosi tulikuwa na hii hali: oleanda mbili kubwa langoni, mnanaha 28 kuzunguka lundo la samadi, mbono wanne kwenye mtaro wa maji, lantana fensi yote ya mashariki, kangaga wa porini upande wa kijito, na marejea kipande cha chini, sikuzihesabu siku hiyo manake zilinivunja moyo.

Kitu ambacho kilinigusa kuliko idadi ni mahali zilipo. Katikati ya nyasi nzuri nene hakukuwa na kijiti hata kimoja. Vijiti vyote viko langoni, kwenye hori la maji, chini ya mti wanaposimama kivulini, pembeni ya fensi, yaani kila mahali ambapo kwato zimekanyaga mpaka udongo umebaki uchi. Nimeichora kwenye ramani nikaibandika ukutani na nimeitazama sana.

Wiki ya 2: maua ya mama

Oleanda ndo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha na ndo ilikuwa ngumu kuliko zote, manake aliipanda mama.

Nikamwambia, "Mama, yale maua ya langoni inabidi tuyatoe." Akanitazama. "Yale yamekaa hapo tangu wewe mdogo, na farasi wanapita hapo kila siku. Umeona amekufa hata mmoja?" Na kweli hajafa. Oleanda mbichi ni chungu, farasi aliyeshiba akiionja anaiacha. Lakini nikamweleza kiasi kinachotajwa, karibu 0.005% ya uzito wa mnyama kwa majani makavu, maana yake farasi wa kilo 500 ni gramu 25 tu, majani unayashika kwenye kiganja. Inaupiga moyo moja kwa moja, unaenda ovyo, mwingine anakutwa tu kalala hajapumua. Na jani likikauka uchungu unapungua lakini sumu inabaki palepale. Nikamwambia mama siogopi mti ukiwa umesimama, naogopa siku mtu mwema atakapoupogoa afu arushe matawi upande wa pili wa fensi akidhani anawapa wanyama majani.

Mama alinyamaza kidogo afu akasema, "Mwaka juzi mimi ndo nilipogoa." Nikamuuliza matawi aliyatupa wapi. "Kwenye shimo. Lakini nilifikiria kuwarushia."

Jumatano tuliitoa. Tulitandika turubai chini kwanza, glavu mikono yote miwili, mikono mirefu ya shati, tukakata vipande tukavifunga ndani ya mifuko, afu tukachimba shina mpaka mizizi mikubwa ikatoka. Hatukuchoma, moshi wake nao una sumu. Baada ya hapo mama mwenyewe alichukua ufagio wa chelewa akafagia pale chini mara tatu, akaokota jani moja moja lililobaki. Hori la maji lilikuwa mita chache kutoka pale na majani yalikuwa yanadondokea humo, tumelimwaga, tumelisugua na tumelihamisha.

Wiki ya 3: marejea, na kosa langu

Mvua ilinyesha Jumatatu, udongo ukalainika, ndo siku nzuri ya kung'oa manake mzizi unatoka mzima. Ukivuta kwenye ardhi kavu shina linakatika na linachipua tena. Tulihesabu 214. Nyingi zilikuwa kwenye ua, chache zimeshatoa viganda vya kijani, hizo tulikata viganda kwanza tukaweka kwenye mfuko wa peke yake kabla ya kuvuta shina, maana ukivuta kwa nguvu mbegu zinaruka na umeshapanda upya.

Jioni mifuko iliisha. Zilibaki kama arobaini hivi, tukazilaza lundo ndani ya kipande, pembeni ya fensi, nikasema kesho asubuhi na mapema. Farasi walikuwa kipande cha pili.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nikakuta ubao wa fensi umesukumwa na Kipanga kaingiza shingo yote. Alikuwa anatafuna. Shina limelegea linaning'inia kwenye mdomo, ua la manjano limenyauka linacheza cheza kila anapotafuna, na yeye masikio mbele, ametulia kabisa, anafurahia. Nilimvuta kwa singa nikaingiza kidole pembeni ya mdomo pale pasipo na meno, nikatoa donge la kijani zito lina mate. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Huyu Kipanga amepita pembeni ya mmea ule ule umesimama mbichi miaka mitatu hajawahi kuugusa hata kwa kunusa.

Daktari alikuja siku ile ile. Akanituliza kwamba mdomo mmoja au miwili siyo kilichompata Shaba, ile ni ya wiki nyingi za kula kidogo kidogo, lakini kwa kuwa inajumlishwa akachukua damu ya farasi wote watatu tuwe na mahali pa kuanzia, afu Kipanga arudiwe baada ya mwezi na tena baada ya miezi mitatu. Akasema farasi hawezi kutapika, alivyoumbwa mlango wa tumbo lake haurudishi, kwa hiyo kikishapita koo kimepita.

Tangu siku hiyo kwangu mmea uliong'olewa ni hatari kuliko uliosimama. Ukinyauka ladha mbaya inapotea, sumu haiendi popote. Sheria ya shamba sasa: hakuna mmea uliong'olewa unaolala ndani ya fensi, hata mmoja, na kama mifuko imeisha kazi inaisha hapo hapo. Ubao nimepigilia upya na nimeongeza waya.

Wiki ya 4

Mvua siku nne. Mnanaha na mbono tumezimaliza kati ya manyunyu, zinang'oka vizuri zikiwa changa. Mnanaha anapenda udongo wenye mbolea uliochimbuliwa ndo maana kajaa kwenye samadi, sumu yake inasimamisha utumbo na mboni za macho zinapanuka, na mbegu zake nyeusi zikiingia kwenye nafaka ni shida zaidi kuliko majani. Mbono nao mbegu ndo kali, na katika mifugo farasi ni mmoja wa wanaoathirika kwa kiasi kidogo kabisa. Lundo la samadi limehamia nje ya fensi. Damu za wote watatu zimerudi, GGT ziko ndani ya kiwango. Nimelala vizuri usiku huo kwa mara ya kwanza.

Wiki ya 5: lantana

Lantana ilitutesa. Ina miiba midogo, harufu yake inabaki kwenye nguo, na ukikata tu inachipua mara mbili ya mwanzo. Sumu yake inaziba njia ya nyongo kwenye ini, mnyama ngozi nyeupe inaungua juani na fizi zinakuwa manjano. Wanaoathirika zaidi ni ng'ombe na kondoo lakini farasi hayuko salama, na ndege wanakula vitunda wanakwenda kuvipanda kila mahali wanapotua, ndo maana ilikuwa imefuata fensi kama mtu kaipanda kwa mstari.

Watu wengi walinishauri nipige dawa ya magugu shamba zima niishe maneno. Nimesoma nikamuuliza na daktari, na tatizo liko pale pale kwa Kipanga: mmea uliopigwa dawa unaponyauka unaweza kuwa mtamu kuliko ulivyokuwa, farasi waliokuwa wanaupita wanaanza kuula. Kwa hiyo ukipiga dawa lazima farasi watoke mpaka mmea ufe, ukauke na uoze au uuondoe, mbali na muda ulioandikwa kwenye kopo. Mi nimetumia dawa kwa brashi tu, kupaka kisiki cha lantana dakika ile ile kinapokatwa, na kipande hicho kimefungwa kabisa. Visiki vidogo tumechimbua kwa sururu.

Kangaga wa kijito nimewazungushia fensi ya pili badala ya kuwang'oa, mizizi yao inatambaa chini mbali sana. Kangaga wa aina hii anaua vitamini B1 mwilini, farasi akimla wiki nyingi anaanza kuyumba. Hii angalau daktari anaweza kuitibu kwa sindano ya vitamini yenyewe ikiwahi.

Tukiwa kule kijitoni nikakumbuka tulikuwa tunatazama chini muda wote na miti hatujaitazama. Ulaya na Marekani farasi walikuwa wanakufa ghafla malishoni, misuli inaharibika, mkojo mweusi kama kahawa, na miaka mingi watu hawakujua kwa nini. Ilipofika 2013 na 2014 ndo wachunguzi wakaonyesha ni mbegu za miti fulani ya jamii ya Acer, zile mbegu zenye bawa zinazopeperushwa na upepo, zina sumu inaitwa haipoglisini A. Mti unaweza kuwa nje ya shamba kabisa na mbegu zikatua kwako. Nimezunguka fensi yote nikiangalia juu, ndani na nje, mti kwa mti. Hakuna wa jamii hiyo.

Wiki ya 6 na ya 7: nyasi ndo kazi yenyewe

Nilikuwa nadhani mradi ni kung'oa. Wiki hizi mbili nimetumia muda mwingi kuliko zote kwenye kitu ambacho siyo sumu kabisa, na naona hapa ndo penyewe.

Farasi ana meno ya mbele juu na chini, siyo kama ng'ombe anayefunga nyasi kwa ulimi akavuta. Farasi ananyoa, anaweza kuishusha nyasi mpaka usawa wa udongo, na anakula hata saa 16 kwa siku. Tena ana tabia ya kutokula pale anapojisaidia, kwa hiyo unapata shamba lenye mabaka, hapa pamenyolewa uchi, pale pameota marefu hapaguswi. Magugu yanaingia sehemu zote mbili. Mi nilikuwa nawaachia vipande vyote vitatu wazi mwaka mzima nikiona nawapa uhuru.

Mahesabu niliyafanya hivi. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama 1.5% hadi 2% ya uzito wake kwa siku kwa chakula kikavu, yaani kilo 7.5 hadi 10. Kiangazi malisho yangu hayawezi kutoa hiyo kwa farasi watatu. Maana yake kila kiangazi walikuwa na njaa ndani ya shamba ambalo kijani pekee iliyobaki ni ya sumu.

Mzee mmoja jirani, amefuga farasi muda mrefu kuliko mimi, alisimama kwenye fensi akatutazama tunavyogawa vipande kwa waya. Akasema, "Binti yangu, unajitesa bure. Farasi anajua mwenyewe cha kula, Mungu kamfundisha." Nikamwambia, "Ni kweli mzee, akiwa ameshiba." Hakujibu. Alisimama pale dakika kadhaa, afu akaanza kunihadithia mwaka wa ukame alivyopoteza majike wawili ndani ya wiki moja na hakuna aliyejua wamekula nini. Alikuwa hajawahi kuisema hiyo kwangu. Kesho yake alirudi na koleo la kukazia waya, tukafanya pamoja mpaka adhuhuri.

Sasa vipande ni sita vidogo. Farasi wanaingia nyasi zikiwa sentimita 15 hadi 20, wanatoka zikifika 7 au 8, hata kama bado wanataka kukaa, na kipande kinapumzika mwezi au zaidi. Samadi tunaokota mara mbili kwa wiki. Kimoja cha sita kina changarawe, hakina nyasi kabisa, hicho ni cha kukaa wakati vingine vyote vimechoka, na humo wanakula nyasi kavu kwenye wavu. Na kabla hawajaingia kipande kipya wanapewa nyasi kavu kwanza, wasiingie na njaa wakameza chochote kinachowajia mdomoni.

Sehemu zilizobaki uchi tumepanda. Hapa nilikaribia kukosea tena. Mwanzo niliwaza mtama wa malisho kwa sababu unakua haraka, daktari akanizuia, farasi wanaochunga kwenye mtama muda mrefu wanaweza kupata shida ya uti wa mgongo na kibofu, miguu ya nyuma inayumba na mkojo unavuja wenyewe. Afu nikawaza setaria. Setaria na nyasi kadhaa za nchi za joto, kikuyu ikiwemo, zina okzaleti nyingi, inaikamata kalsiamu ndani ya utumbo mwili usiipate, mwili nao unaanza kuichota kwenye mifupa. Farasi anaanza kuchechemea na mifupa ya uso inavimba. Siyo mmea wa sumu kwa maana watu wanayoijua, ng'ombe anaumudu, lakini farasi akikaa juu yake miezi bila kuongezewa madini unammaliza. Tumepanda nyasi za Rhodes, okzaleti yake ni ndogo, na kikuyu iliyopo tayari kwenye kipande cha juu nimeiacha ila haiwi chakula chao pekee.

Damu ya pili ya Kipanga: GGT iko kawaida.

Wiki ya 9: marobota

Nyasi kavu za kiangazi zimefika. Muuzaji wa mwaka ule sikurudi kwake, huyu mpya alikubali nikatembee shambani kwake kabla hajakata, na nadhani hicho ndo kitu cha maana kuliko ukaguzi wowote wa baadaye. Mmea ukiwa umesimama unauona, ukishakatwa na kusagika na mashine unabaki vumbi la majani, huwezi kulichambua. Uingereza gugu wanalopigana nalo ni senesio lenye maua ya manjano, sumu yake ni ya kundi lile lile la pirolizidini, wana sheria ya magugu ya 1959 inayolitaja pamoja na magugu mengine, na nyingine ya 2003 kwa ajili ya gugu hilo peke yake, na farasi wengi huko wanalipata kwa njia hiyo hiyo ya nyasi kavu.

Pamoja na hayo tunafungua kila robota. Kijana wangu ana utaratibu wake na nimeukubali: kwanza analiinua, analiweka karibu na sikio, analitikisa mara tatu. Afu ndo anakata kamba, tunatandaza juu ya turubai nyeupe mahali penye mwanga, tunapitisha mikono tabaka kwa tabaka tukitafuta shina gumu. Nyasi inapinda, shina la marejea linakatika kwa sauti. Robota 60, moja lilikuwa na mashina mawili yenye viganda. Lile lote limetoka, siyo mashina mawili tu, robota zima, kwa sababu majani yameshachanganyika humo na siwezi kuyaona.

Wiki ya 10: pua ya Nuru

Jumapili asubuhi Nuru katoka kivulini pua nyekundu, imebabuka, ganda linaanza kujifunga. Miguu iliniishia nguvu. Ni sura ile ile ya Shaba. Nilimwingiza bandani nikaangalia fizi, pinki, nikabonyeza kwa kidole na rangi ikarudi kabla ya sekunde mbili. Weupe wa jicho mweupe. Anakula, hapigi miayo.

Daktari alichukua damu na majibu ya ini yakatoka safi. Ilikuwa ni jua tu, ngozi ya pinki isiyo na manyoya mengi inaungua kama ya mtu. Ila akasema nilifanya vizuri kumwita, manake kwa macho tu huwezi kutofautisha kuungua kwa kawaida na kule kunakotokana na ini, damu ndo inasema. Nuru sasa anavaa barakoa ya nzi inayofunika pua na anapakwa krimu ya jua.

Wiki ya 12

Nimeandika karatasi nikaibandika kwenye mlango wa banda ili yeyote atakayekuwepo, hata mama peke yake, ajue cha kufanya. Juu kabisa namba ya daktari. Afu vipimo vya farasi akiwa mzima na ametulia: joto 37.5 hadi 38.5, mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, fizi pinki na unyevu. Afu haya: mtoe malishoni wote watoke siyo mmoja, mwondolee chakula, piga simu, usimnyweshe kitu chochote kwa chupa iwe maziwa au mafuta maana kinaweza kuingia mapafuni, chukua tawi la mmea unaoushuku na lenye ua kama lipo. Daktari ndo anaweza kupitisha mpira puani kwenda tumboni akaweka mkaa wake maalumu, na huo unafaa ukiwahi.

Mama alilisoma lote kwa sauti afu akamfanyia mazoezi mzee Radi, akampima mapigo chini ya taya kwa saa yake ya mkononi. 36. Radi alilala usingizi akiwa anapimwa.

Wiki ya 16: kuhesabu tena

Tumevuta kamba ile ile, hatua kumi kumi. Marejea zilikuwa 214, leo ni 31, zote miche ya urefu wa kidole, zimetoka kwenye mbegu zilizokuwa zimelala udongoni. Mbegu hizi zina ganda gumu, zinasubiri, kwa hiyo miaka inayokuja zitaendelea kuchipua na nimeshapanga kuzunguka kila baada ya mvua. Mnanaha 3. Mbono hakuna. Lantana visiki 7 vimechipua, vimepakwa tena. Langoni pamebaki uchi bado, nyasi za Rhodes zimeshika nusu, nusu nyingine kwato zimezishinda, nitamwaga changarawe pale na kusogeza njia.

Damu ya tatu ya Kipanga imerudi leo mchana, GGT kawaida. Nimeisoma mara mbili nimesimama, afu nikaenda kumtazama. Yuko kipande cha nne, nyasi zinafika kwenye vifundo vya miguu, anakula kichwa chini bila kunitazama.

Kijana ameondoka na mfuko wa miche 31 kabla jua halijazama. Kesho tunaanza robota 20 zilizobaki.